Kimea ni nini, na kina kazi gani kwenye stauti, yaani bia nyeusi

Watu wengi wakisikia kimea hudhani ni hamira ya kienyeji. Hamira ni kiumbe hai kinachokula sukari na kutoa kilevi na gesi. Kimea ndicho kinachoipatia hamira sukari ya kula. Asiyejua tofauti hii ataishia na maji meusi, sio bia.

Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kabla mche haujamaliza akiba ya punje. Punje ya mtama, ulezi au shayiri imejaa wanga. Ikipata maji huamka na kutengeneza vimeng'enya vya kuuvunja wanga huo uwe sukari, chakula cha mche. Sisi tunaikatiza safari hiyo katikati. Hapa Mwanza mtama mwekundu hulowekwa usiku kucha, hufunikwa kwa gunia bichi siku tatu au nne, halafu huanikwa juu ya jiwe, jirani na udaga wa mihogo. Ukikauka husuguliwa kwa viganja mpaka machipukizi na vijimizizi vidondoke, kisha hupepetwa. Usiiruke hatua hiyo, maana machipukizi ya mtama yana asili ya sumu ya sayanidi.

Nguvu yake utaiona kwenye uji. Songa uji wa ulezi mzito kiasi cha kusimamisha mwiko, uepue, upoe kidogo, kisha tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache uji unalegea na kutiririka, na ukiuonja ni mtamu ingawa hukutia sukari. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakishauri kimea kwenye uji wa watoto kwa sababu hiyohiyo. Stauti nayo huanzia hapo.

Joto lina masharti. Vimeng'enya vya shayiri hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 62 na 70. Yakichemka maji, vinakufa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Changanya vipimo viwili vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya mtungini, utapata kama nyuzi 72, na unga wa kimea ukiingia joto litashuka hadi panapotakiwa. Funga sufuria kwa blanketi saa nzima. Wanga wa mtama ni mgumu zaidi, ndiyo maana mama zetu hupika uji kwanza, ndipo wakatia kimea ukishapoa kiasi.

Weusi wa stauti hautokani na ukali wa kilevi. Guinness ya pipa ina kilevi cha asilimia 4.2 tu. Weusi unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa kama kahawa, zaidi ya nyuzi 200, na harufu yake jikoni inakaribia sana ile ya kahawa ya Bukoba. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea, na tangu hapo watengeneza bia wakaweza kutumia kimea cheusi kidogo tu na kukiachia kimea cheupe, yaani kisichokaangwa, kazi ya sukari.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilikaanga kimea chote, nikapata uji mweusi mchungu ambao haukulegea wala kuchacha, kwa sababu moto ulikuwa umeviua vimeng'enya vyote. Sehemu moja ya kukaanga kwa tisa za kimea cheupe inatosha kabisa, na ladha ya kahawa na kakao inasikika vizuri.

Kaanga kwa moto mdogo wa mkaa huku ukikoroga bila kupumzika. Vunja punje moja kila baada ya muda uangalie ndani. Ikifikia rangi ya kahawa iliyoiva, kabla haijawa kaa, imwage kwenye ungo mara moja, kwa kuwa kikaango cha chuma huendelea kuichoma hata ukishakitoa jikoni.