Je, wajua kwa nini mshahara wa baharia hupangwa nje ya nchi yake?

Fikiria meli ya mizigo inayosubiri gati Kilindini. Mwenyewe ni Mgiriki, imesajiliwa Liberia, nahodha Mhindi, mabaharia Wafilipino. Baharia akipunjwa mshahara, ashtaki wapi?

Hilo ndilo tatizo la bendera za kukodi. Panama, Liberia, Visiwa vya Marshall, hata jirani zetu Komoro, husajili meli za wageni. Tajiri hulipa ada, naye hupata kodi nafuu na serikali isiyomfuatafuata. Chama cha mabaharia cha nchi moja hakimuwezi mtu huyo: mkigoma Piraeus, bandari ya Ugiriki, yeye anaajiri Manila, Ufilipino.

Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, lililoanzishwa London mwaka 1896, lilitangaza vita na bendera hizo katika mkutano wake wa Oslo mwaka 1948. Lilitaka kila meli ipeperushe bendera ya nchi ya mwenyewe. Tuseme kweli, hapo lilishindwa. Bendera za kukodi ndizo zinazotawala bahari leo. Lakini njiani lilipata kitu ambacho sekta nyingine hazina: meza moja ya majadiliano kwa dunia nzima.

Matajiri wa meli hawakukaa kwenye meza hiyo kwa kupenda. Baharia akigoma katikati ya bahari anaweza kushtakiwa kwa uasi. Ila meli lazima siku moja ifike bandarini, na huko kuna makuli na madereva wa kreni ambao vyama vyao navyo vimo ndani ya ITF. Wakikataa kuigusa, kila saa ni hasara. Ndiyo maana kampuni nyingi ziliona heri kutia saini, na mwaka 2003 likaanza Jukwaa la Kimataifa la Majadiliano, IBF, ambapo waajiri na ITF hupanga viwango vya mishahara. Vyama vya nchi ya mwenye meli na nchi wanakotoka mabaharia ndivyo hutia saini mikataba ya hali bora, na huwa vinavutana kweli kuhusu nani aitie.

Kwa kulinganisha: kuanzia Januari 2025, kima cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia stadi kilichopangwa kupitia Shirika la Kazi Duniani kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Malipo yote ya mwezi katika mikataba ya ITF huzidi hapo kwa mbali.

Karatasi peke yake haitoshi. Wakaguzi wa ITF hupanda melini, huomba hesabu za mishahara, kisha huwauliza mabaharia faraghani, mbali na nahodha, walichopokea mkononi. Kuna meli hukutwa na vitabu viwili, kimoja cha kuonyesha wakaguzi na kingine cha kweli.

Manufaa yalionekana waziwazi meli ziliposhambuliwa Bahari ya Shamu. Mwezi Machi 2024, IBF ililitangaza eneo la kusini mwa bahari hiyo kuwa la kivita. Baharia mwenye mkataba wa IBF hulipwa nyongeza inayolingana na mshahara wake wa msingi kwa siku za kupita huko, na fidia ya kifo au ulemavu huwa maradufu. Asipotaka kwenda, anakataa, na kampuni inamrudisha kwao kwa gharama yake.