Swali la Bunge: mbunge anapomtaka waziri ajibu

Jumatano moja alasiri nilikuwa Dunga, hapa Kisumu, kwenye ule ufuo ambapo mitumbwi huegeshwa hatua chache tu kutoka vibanda vya samaki wa kukaanga. Redio ya kibanda kimoja ilikuwa ikirusha kikao cha Bunge moja kwa moja. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya jerikani iliyopinduliwa, anashona wavu, sindano ya plastiki inaingia na kutoka. Akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, huyo waziri anajibu kwa hiari yake, au kuna anayemlazimisha?"

Nilimjibu kwa haraka, na nikaona hakuridhika. Swali lake lilistahili maelezo marefu zaidi.

Swali la Bunge ni dai rasmi la maelezo. Mbunge wa Bunge la Taifa, au seneta akiwa Seneti, humtaka waziri aeleze jambo lililo chini ya wizara yake: serikali imefanya nini, kwa nini, kwa fedha za nani, na itafanya nini baada ya hapo. Swali halipitishi sheria wala halipigiwi kura. Kazi yake ni kumfanya mwenye mamlaka aseme jambo hadharani, kwa kinywa chake, katika siku inayojulikana, asipate kulikana kesho.

Urasmi huo ndio unaolitenga na maneno ya mkutano wa hadhara. Mbunge huliandika swali, akalipeleka kwa Karani wa Bunge, Spika akaliidhinisha, kisha likaingizwa katika ratiba ya kikao. Waziri hulipata mapema ili aandae jibu. Kinachosemwa ukumbini hunakiliwa katika Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma hata miaka ishirini baadaye. Swali lililojaa mabishano, uvumi au matusi hurudishwa. Jambo ambalo liko mahakamani nalo huwekewa mipaka, Bunge lisije likaingilia kesi.

Kanuni moja naipenda sana: mbunge akianza kuzungumza kwa Kiswahili, sharti amalize kwa Kiswahili. Lugha yetu iliingia bungeni 1974, na leo Ibara ya 120 ya Katiba inaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Laiti wabunge wangeitumia zaidi saa ya maswali! Mzee wa Dunga aliinua kichwa mara mbili tu alasiri ile, na mara zote mbili ni pale mbunge aliposimama na kuuliza kwa Kiswahili.

Sasa, je, waziri analazimishwa? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Kabla ya Katiba ya 2010, mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge. Waliketi humo humo ukumbini, na saa ya maswali ilipofika, waziri au msaidizi wake alisimama akajibu. Wakati wa serikali ya mseto, hata Waziri Mkuu, marehemu Raila Odinga, alikuwa na muda wake wa kuhojiwa na wabunge. Tanzania na Uganda bado wana utaratibu wa namna hiyo, kwa kuwa mawaziri wao huketi bungeni. Kwetu, Ibara ya 152 ilikata kamba: waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Baada ya uchaguzi wa 2013, mbunge alitazama huku na huku ukumbini asimwone waziri wa kumuuliza.

Katiba haikumwachilia waziri, lakini. Ibara ya 153 inasema kwamba akiitwa na kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti, sharti afike na ajibu swali lolote kuhusu jambo analolisimamia. Na chini ya Ibara ya 125, Bunge na kamati zake zina uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, uwezo ulio sawa na wa Mahakama Kuu. Kwa hiyo maswali yakahamia kwenye kamati. Kwa maoni yangu, tulipoteza kitu kikubwa miaka ile. Kamati hufanya kazi nzuri na ya kina, ila hukutana katika vyumba vyake, mara nyingi bila redio, na mvuvi wa Dunga hana habari kwamba jambo lake limetajwa.

Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliwaandikia Maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri waje kujibu ukumbini. Kanuni za Kudumu, yaani taratibu za Bunge lenyewe, zikarekebishwa, na 2023 mawaziri wakaanza kusimama mbele ya kikao kizima. Ndicho kikao tulichokuwa tukikisikiliza.

Basi, mzee wangu, jibu ndilo hili: waziri hafanyi hisani. Ni wajibu wa kikatiba.

Watu wengi huchanganya swali na mambo mengine ya Bunge. Hoja huliomba Bunge lifanye uamuzi, na hupigiwa kura. Ombi, kwa mujibu wa Ibara ya 119, linaweza kupelekwa na mwananchi yeyote, hata asiye na urafiki na mbunge wake. Swali ni la mbunge peke yake, ijapokuwa chanzo chake mara nyingi ni mtu kama wewe uliyemsimamisha njiani.

Lililo muhimu kuliko yote ni swali la nyongeza. Waziri akishasoma jibu lake, mbunge aliyeuliza hupewa nafasi ya kuuliza tena juu ya jibu hilo, na wenzake pia huweza kuingia. Jibu la kwanza limeandikwa na maofisa wa wizara, limepangwa, limepigwa pasi. Yeyote anayejua kusoma angeweza kulisoma. Ni katika swali la nyongeza ambapo utajua kama waziri anaijua wizara yake. Sikiliza siku moja: "Nitalifuatilia na kuleta jibu baadaye" ikisikika mara tatu katika dakika kumi, umejua hali ilivyo. Lakini hata ahadi hiyo imeandikwa katika Hansadi, na mbunge makini huishika akairudia mwezi unaofuata.

Tatizo ni kwamba maswali mengi hayaipi nyongeza mahali pa kushika. Mbunge akiuliza, "Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wavuvi?" atajibiwa kwamba serikali ina mpango kabambe. Mwisho. Hebu mlinganishe na anayeuliza: tarehe fulani, wavuvi wangapi kutoka ufuo gani walikamatwa, walipelekwa kituo gani upande wa pili wa mpaka, nyavu zao na injini zao ziko wapi, ubalozi wetu uliarifiwa lini, na nani atawalipa? Huyu hawezi kujibiwa kwa neno kabambe. Kila kipande cha swali kinadai kipande cha jibu, na kisichojibiwa kinaonekana wazi kama jino lililong'oka.

Huku kwetu maswali ya namna hiyo huvuka mpaka kwa urahisi. Nairobi watu hugawa sera za ndani upande huu na za nje upande ule. Ukikaa kando ya Ziwa Victoria, mgawanyo huo huuoni. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lote. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Mvuvi anayetoka Usenge kule Siaya au Port Victoria kule Busia akimfuata samaki aina ya mbuta maji ya ndani, mawimbi hayamwonyeshi mpaka ulipopita. Kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo uliojaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, kimeshawatia Kenya na Uganda katika mvutano tangu miaka ya 2000. Mvuvi akikamatwa, je, ni jambo la Waziri wa Usalama wa Ndani, wa Uvuvi, au wa Mambo ya Nje? Ni la wote watatu. Ndiyo maana mbunge anayeandika swali lake vibaya hujikuta anarushwa kama mpira: huyu anasema muulize yule, na yule anasema si langu.

Sukari ni vivyo hivyo. Mkulima wa miwa wa Muhoroni, Chemelil au Mumias hutazama bei ya tani ya miwa yake, lakini bei hiyo inaguswa na sukari inayoingia kutoka nje, na uingizaji huo unafungamana na mkataba wetu wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mbunge wa ukanda huu akitaka kujua madeni ya wakulima yatalipwa na nani, anamuuliza Waziri wa Kilimo. Akitaka kujua sukari ya nje itazuiwa kwa kiasi gani, anaingia kwenye biashara na mikataba ya kimataifa. Shamba ni moja, mkulima ni mmoja, mawaziri ni wawili au watatu.

Hata mambo yaliyo mbali kweli kweli huwa na familia yake hapa. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kwenda Haiti kupambana na magenge, chini ya uongozi wa Kenya. Novemba Bunge la Taifa likakubali polisi wetu waende. Januari 2024 Mahakama Kuu ikapinga mpango huo. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024 kundi la kwanza likatua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Sera ya nje huongozwa na Rais na serikali yake, na mbunge hawezi kuwaamuru askari warudi. Lakini anaweza kuuliza nani anawalipa, wamekatiwa bima gani, na mzazi aliye Kakamega apige simu wapi mwanawe akijeruhiwa. Tangu Oktoba 2023, aliyekabidhiwa Mambo ya Nje ni Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, naye ni mtu wa Vihiga.

Je, jibu likiwa baya? Swali lenyewe halimwondoi waziri, ila nyuma yake kuna Ibara ya 152. Mbunge akiungwa mkono na robo ya wabunge wote, yaani 88 kati ya 349, anaweza kuleta hoja ya kumtaka Rais amfute kazi waziri. Theluthi moja wakikubali, huundwa kamati ya watu 11 ya kuchunguza. Mei 2024, Jack Wamboka, mbunge wa Bumula katika Kaunti ya Bungoma, alileta hoja kama hiyo dhidi ya Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kuhusu mbolea bandia. Hoja ilipita, kamati ikaundwa, nayo ikaamua kwamba tuhuma hazikuthibitishwa. Linturi hakuondolewa kwa hoja ile. Hata hivyo, kwa siku kadhaa nchi nzima ilisikia maelezo ya magunia ya mbolea ambayo vinginevyo yangebaki kuwa manung'uniko ya soko la Kanduyi.

Na anayeuliza ana kinga. Ibara ya 117 inalinda uhuru wa kusema bungeni. Watu wa magharibi mwa Kenya wana sababu ya kuithamini. Oktoba 1975 Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema ukumbini kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, akasema hakuna haja ya kuthibitisha lililo wazi. Wote wawili walikamatwa humo humo katika majengo ya Bunge, wakazuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Kila nikimsikia mbunge akimbana waziri leo, kisha akatoka akaenda zake nyumbani, nawakumbuka wawili hao.

Haya yote nilimweleza mzee siku nyingine, polepole, tukinywa chai ya rangi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani ya ofisi ndogo ya kamati ya ufuo, akatoka na daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti. Mpwa wake huvua upande wa Usenge, na alipoteza vyombo vyake kwa watu wenye sare katikati ya ziwa. Yote yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya buluu: siku, saa, jina la mtumbwi, nyavu kumi na mbili, injini ya nguvu za farasi kumi na tano na namba yake iliyochongwa ubavuni.

"Hii inatosha kuwa swali?" akauliza.

Nikamwambia inatosha. Tukaketi tukainakili upya kwenye karatasi safi, ya kupelekwa ofisi ya mbunge siku ya Ijumaa, naye akanisahihisha mahali pamoja nilipokosea tarakimu moja ya namba ya injini.