Je, jimbo dogo halina sauti Kinshasa?

Hapa Lubumbashi, nchini DRC (Kongo), tumezoea kusikia kwamba wingi wa watu ndio unaogawa madaraka yote Kinshasa, kwa hiyo jimbo dogo lipewe viti vya ziada. Viti hivyo vipo tangu katiba ya 2006, ila viko Seneti, baraza la pili la bunge.

Huko kila jimbo lina maseneta 4 na Kinshasa 8. Haut-Katanga, pamoja na jiji letu lote, ina 4. Bas-Uele, jimbo lenye watu wachache zaidi, nayo ina 4.

Bunge la Taifa lina hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea: haihesabu wakaaji, inahesabu wapiga kura walioandikishwa na CENI, tume ya uchaguzi. Idadi yao nchini inagawanywa kwa viti 500. Mwaka 2023 kiti kimoja kilikuwa sawa na wapiga kura kama 88,000. Tuseme eneo lina walioandikishwa 300,000: linapata 3.41, yaani viti 3, na ile 0.41 inashindania viti vilivyobaki. Eneo lisilofikisha kiwango linapata kiti 1. Kwa hiyo vita au barabara mbovu ikizuia watu kujiandikisha, jimbo linapoteza viti hata kama limejaa watu. Hilo ni jambo zito kuliko udogo wa jimbo.

Hata hivyo, usawa wa Seneti una mipaka. Maseneta wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, si raia moja kwa moja. Mabaraza mawili yakikosa kuelewana juu ya sheria, kamati ya pamoja inajaribu kuyapatanisha; ikishindwa, Bunge la Taifa ndilo linaloamua. Na ni hilo pekee linaloweza kuiangusha serikali.