Potenshiomita Kubwa Haiongezi Geini

Nimeletewa tena priampu (kikuzaji cha awali) ya maikrofoni ya kujiunganishia ambayo mwenyewe amekwisha kung'oa potenshiomita (rezista inayobadilishwa kwa kifundo) ya kiloomu 10, akaweka ya kiloomu 25 ili "apate nguvu zaidi", na sasa anashangaa kwamba maikrofoni yake ya riboni, aina inayotoa ishara dhaifu, bado inanong'ona. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Katika chipu za priampu kama INA217 na SSM2019, geini, yaani mara ambazo ishara inakuzwa, ni 1 jumlisha omu 10,000 zilizogawanywa kwa ukinzani ulio kati ya pini mbili za geini. Kadiri ukinzani huo unavyokua, geini inashuka. Potenshiomita, basi, hupanga mwisho wa chini tu. Mwisho wa juu hupangwa na ile rezista ndogo iliyofungwa nayo kwa mfululizo, ambayo kwa kawaida hakuna anayeitazama. Kwa kiloomu 10 na rezista ya omu 10, unapata takriban desibeli 6 hadi 60. Ukiweka kiloomu 25, unapata 3 hadi 60 ile ile.

Madhara, hata hivyo, hayakuishia hapo, kwa sababu potenshiomita aliyoiweka ilikuwa ya mstari ulionyooka. Kwa aina hiyo, kifundo kikiwa kimezungushwa sehemu tisa kati ya kumi za safari yake, bado zimebaki kiloomu 2.5, na geini ni desibeli 14 tu. Desibeli 46 zilizosalia zimesongamana katika sehemu moja ya mwisho, ambako ukigusa kwa ncha ya kidole mshale wa mita unaruka kama umechomwa sindano. Hapa inatakiwa potenshiomita ya logi ya kinyume, ambayo ukinzani wake hubadilika taratibu kuelekea mwisho wa safari. Ukiikosa, logi ya kawaida inafaa pia, mradi uiunganishe kinyume na ukubali kuongeza geini kwa kuzungusha kushoto, jambo ambalo wateja wangu huliona kuwa aibu kubwa kuliko kelele.

Anayetaka kweli desibeli 66 apunguze rezista ya mwisho hadi omu 5 hivi, lakini asisahau kapasita iliyo katika njia hiyo hiyo: maikrofaradi 1,000 zikiwa na omu 10 huanza kukata besi karibu na hezi 16, na zikiwa na omu 5 huanza karibu na 32. Weka 2,200. Nakiri kwamba kwa sauti ya mtu anayezungumza sijawahi kuisikia tofauti hiyo kwa masikio yangu. Naibadilisha kwa sababu mita inaiona.

Nakiri pia kwamba hesabu hizi hunidanganya. Potenshiomita iliyofika mwisho haifiki sifuri. Omu 2 tu zikibaki juu ya zile 10, umepoteza zaidi ya desibeli moja na nusu, na chaneli mbili pacha hazilingani tena. Kwa hiyo huishia kujaribu rezista moja baada ya nyingine, 8.2, kisha 6.8, nikiwa na mita mkononi.

Kwenye priampu hii nimeweka logi ya kinyume ya kiloomu 2.2 na rezista ya omu 4.7. Inaanzia karibu na desibeli 15, hivyo akiisogeza maikrofoni nyingine mbele ya ngoma itambidi atumie pedi ya kupunguza ishara.