Acheni kuniuliza chuma kipi ni kigumu zaidi

Safari hii alikuwa fundi wa nondo anayemjengea jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma. Alipojua kwamba nashinda kwenye kompyuta nikipima fremu za vali za moyo, yaani vizimba vya metali vinavyobeba vali bandia, akashangaa: "Sasa injinia, si mchukue tu chuma kigumu kuliko vyote mmalize kazi?" Swali hilohilo nimeshaulizwa na wanafunzi, na shemeji yangu, na daktari mmoja ambaye sikumtegemea.

Dakika tano baadaye fundi akakosa koleo. Akaukamata waya wa kufungia nondo, akaukunja huku na huku mara sita saba, ukakatika. Angeuvuta asingeukata hata kwa siku nzima. Jibu alikuwa nalo mkononi.

Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga karibu mara milioni 37 kwa mwaka. Kila pigo linaikunja fremu kidogo na kuiachia. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya vali bandia, ISO 5840, vinataka vali ya tishu (ya nyama ya mnyama) ihimili mizunguko milioni 200 kwenye mashine ya majaribio, na fremu yenyewe inadaiwa zaidi ya hapo. Kinachoivunja ni uchovu wa metali: kukunjwa kidogo kidogo mara nyingi, kama ule waya wa fundi.

Halafu kuna safari ya kufika moyoni. Tangu daktari wa moyo Alain Cribier alipoweka vali ya kwanza ya namna hii kwa mgonjwa huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, wazo ni lile lile: usipasue kifua, pitisha vali kwenye mshipa. Fremu ya milimita 26 inabanwa hadi chini ya milimita 6, kisha ifunguke ikifika. Nitinoli, yaani nikeli na titani, inavutika hadi asilimia 8 hivi na kurudi ilivyokuwa. Chuma cha pua hakifiki hata asilimia 1. Mezani nina kipande cha waya wa nitinoli, wa kupanga meno. Nikikitumbukiza kwenye maji ya friji kinalegea kama uzi. Nikikishika kiganjani kinakakamaa tena. Fremu za nitinoli nazo hubanwa kwenye maji ya barafu.

Sasa linaloniudhi. Watu wanachanganya ukakamavu na nguvu. Ukakamavu ni jinsi metali inavyokataa kupinda. Nguvu ni mkazo inaoweza kubeba kabla ya kupinda isirudi tena. Kobalti-kromiamu, metali nyingine ya fremu, ina moduli (kipimo cha ukakamavu) ya gigapaskali 230 hivi, nitinoli inacheza kati ya 40 na 75. "Basi kobalti imeshinda!" Imeshinda nini? Fremu ya kobalti inafunguliwa kwa puto, na puto likitolewa inataka kurudi nyuma. Inarudi kiasi gani? Gawanya mkazo wa kusalimu amri, yaani ile nguvu, kwa moduli. Kwa hiyo hapo ukakamavu unakusaidia, nguvu inakuchongea! Lakini nguvu hiyohiyo ndiyo inayokuruhusu kuchonga vijiti vyembamba vya fremu. Nitinoli inajifungua yenyewe, haihitaji puto, hesabu yake ni nyingine kabisa: inasukuma ukuta siku zote. Ikisukuma kidogo, damu inavuja pembeni. Ikisukuma mno, inabana njia za umeme wa moyo zilizo jirani na vali, na mgonjwa anaishia kuwekewa pesimeka, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo.

Kompyuta nayo haichagui metali, jamani. Inakata fremu vipande laki kadhaa na kukokotoa ulichoilisha. Ukiilisha pumba, inakurudishia pumba zenye rangi nzuri, nyekundu na bluu.

Na mimi nailisha vingine nisivyoviamini. Vali hizi zilibuniwa kwa wazee ambao vali yao ya aota (ya kutokea moyoni kwenda kwenye mshipa mkuu) imejaa kalsiamu, na fremu inajishikiza kwenye kalsiamu hiyo. Wagonjwa wetu wengi ni vijana walioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, mara nyingi vali ya mitra, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambako kalsiamu ya kushikilia inaweza isiwepo. Ukuta wa aina hiyo nikiuweka kwenye modeli, namba zake nyingi nimeazima kwa watu wasiofanana nao.

Msuguano kati ya fremu na tishu nimeweka 0.1. Mwanafunzi akauliza kwa nini 0.1. Nikamwambia ukweli: kwa sababu waliotangulia waliweka 0.1. Jumamosi tunairudia kwa 0.05 na 0.3, tuone fremu inaanza kuteleza wapi.