Lipa namba inatosha, au unahitaji malipo ndani ya programu?

Wafanyabiashara wengi wanaonitafuta hapa Tanga huanza na swali la makato: kampuni ipi inakata kidogo? Swali zuri, ila mimi huliweka kiporo. Kwanza nataka kujua mteja wako analipa wakati gani. Analipa akiwa amesimama kaunta na mzigo mkononi, au anatanguliza hela kabla hajapata kitu?

Mwenye duka la vipuri kule Ngamiani anamwona mteja, anaona simu yake, na meseji ya muamala inaingia wote wakiwa pale pale. Lipa namba, ile namba ya biashara ambayo mteja huilipa kwa simu yake, inamtosha. Tena siku hizi, kwa kuwa mitandao na benki zinaongea kupitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu, mteja wa mtandao huu analipa lipa namba ya mtandao ule bila shida, kwa hiyo ile orodha ndefu ya nembo kwenye kipeperushi isikutie wazimu. Mtu wa namna hii akiuziwa programu ya mauzo yenye malipo ndani yake, kwa ada ya kila mwezi, amebebeshwa gharama tu. Nimewaambia kadhaa wabaki walivyo. Ushauri wa aina hiyo hauna kamisheni, lakini ndio wa kweli.

Hesabu hubadilika pale hela inapotangulia: nyumba ya wageni Raskazone inayopokea oda za vyumba kutoka Dar na Arusha, tiketi za basi, ada za shule, mama wa keki anayepokea oda mtandaoni. Hapo tatizo si kupokea hela. Tatizo ni kujua hela hii ni ya nani na ni ya oda ipi, bila kukaa unalinganisha meseji na daftari usiku, na bila kudanganywa na picha ya muamala uliotengenezwa kwenye simu.

Malipo yakiwa ndani ya programu, mteja anachagua chumba na kuandika namba yake ya simu. Programu inapeleka ombi kwa kampuni ya malipo, nayo inalipeleka kwenye mtandao wa simu. Simu ya mteja, hata ikiwa kiswaswadu, inaonyesha ujumbe wenye kiasi na jina la biashara, na kumtaka aweke namba ya siri. Akiiweka, taarifa inarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye programu, na chumba kinahesabiwa kimelipiwa. Hakuna aliyesoma meseji wala kupiga simu kuulizia.

Shida inaanzia hapo kwenye kurudi. Mteja amekatwa, lakini taarifa imepotelea njiani na programu bado inasema oda haijalipwa. Anasubiri, anachoka, analipa tena. Ndiyo maana sikubali mtu asaini mkataba baada ya kuonyeshwa maonyesho mazuri kwenye kompyuta ya muuzaji. Omba ujaribu mwenyewe kwa hela halisi, hata shilingi 1,000. Mara ya kwanza acha ule ujumbe uishe muda bila kuweka namba ya siri. Mara ya pili lipa, kisha funga ukurasa haraka kabla haujakujibu. Sasa fungua upande wa mwenye biashara uangalie oda imeandikwaje. Programu nzuri hurudi yenyewe kuuliza muamala umeishia wapi. Mbovu inakusubiri upige simu huduma kwa wateja. Na ukimaliza, dai ile 1,000 irudishwe, uone inachukua siku ngapi na nani anabeba makato yake. Jaribio hilo dogo litakufundisha mengi kuliko kipeperushi.

Jambo la pili ni hela inalala wapi na inakufikia lini. Mwenye mgahawa anauza sana Ijumaa jioni na Jumamosi, na samaki wa soko la Deep Sea hanunuliwi kwa ahadi. Alfajiri unatoa taslimu mkononi. Kama kampuni inahamishia hela benki siku za kazi tu, mauzo ya Ijumaa usiku utayaona Jumatatu, na Jumapili umekosa mtaji. Kwake yeye, makato makubwa kidogo yenye malipo ya siku hiyo hiyo ni nafuu kuliko makato madogo yanayochelewa.

Sasa tuje kwenye makato yenyewe. Tuseme ni asilimia 2.5. Muuza jumla anayepata faida ya 4,000 kwenye mzigo wa 100,000 anakatwa 2,500 na kubakiwa na 1,500. Huyo akimbie. Nyumba ya wageni inayouza chumba kwa 60,000 inakatwa 1,500, na kama mfumo umeizuia kukaa na chumba kitupu mara moja kwa wiki, imepata faida.

Uliza pia leseni ni ya nani. Mara nyingi aliyetengeneza programu hana leseni ya malipo. Amejishikiza kwa kampuni iliyonayo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Si kosa, lakini taka jina la kampuni hiyo na ulitafute kwenye orodha iliyopo tovuti ya Benki Kuu. Hela ikikwama, huyo ndiye utakayemfuata.

Wenye wageni wa nje watataka kadi. Sawa, ila mwenye kadi anaweza kupinga malipo kupitia benki yake miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo tunza uthibitisho wa kila aliyelala. Na bei ziwe za shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini. Meseji ya malipo nayo si risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Uliza kama programu inatoa risiti hiyo ya TRA yenyewe, au utabaki unaandika mauzo mara mbili.

Mwisho soma kifungu cha kuondoka. Ukihama, orodha ya wateja na historia ya miamala unapewa kwenye faili, au vinabaki kwao? Majibu ya mdomo usiyapokee. Yaandikwe kwenye mkataba, na ukiwa wa Kiingereza usichokielewa, mtafute wa kukusomea kabla ya kalamu kugusa karatasi.