Kitendawili Kisicho na Mtegaji

Kitendawili kina utaratibu wake. Anayetega hutangulia kusema "Kitendawili!", walioketi humwitikia "Tega!", na wakishindwa kutegua humpa mji, naye akishaupokea mji huo hana budi kutoa jibu mbele ya wote. Utaratibu huu hunijia akilini kila ninapoulizwa iwapo Satoshi Nakamoto, aliyeiunda sarafu ya kidijitali ya Bitcoin kisha akatoweka, aliacha mafumbo ndani ya kazi yake. Ninafundisha kriptografia, elimu ya kulinda habari kwa hisabati, na swali hilo huniletea wanafunzi, jamaa, na watu nisiowajua kabisa. Wote wanaitikia "Tega!" kwa sauti kubwa. Mimi sijaona popote ambapo mwenyewe alisema "Kitendawili!"

Yanayojulikana kumhusu ni machache. Waraka wake wa kurasa tisa ulitoka tarehe 31 Oktoba 2008, programu ikafuata mwezi wa Januari 2009, ujumbe wake wa mwisho wa hadharani ni wa Desemba 2010, na barua pepe zake za mwisho kwa wenzake waliokuwa wakiiendeleza programu hiyo ni za mwaka 2011. Jina lenyewe watu wamelikatakata vipandevipande na kuliunganisha upya kwa silabi za Samsung, Toshiba, Nakamichi na Motorola, mchezo ambao ukiwa na subira unaweza kuufanya kwa jina la babu yako pia.

Nianze na jambo moja ambalo kwa hakika aliliweka kwa makusudi. Kumbukumbu za Bitcoin hupangwa kwa mafungu yaitwayo bloku, yanayofuatana kama mnyororo. Ndani ya bloku ya kwanza kabisa, ile tunayoihesabu kuwa namba 0, kuna kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la tarehe 3 Januari 2009, kinachosema kwamba Waziri wa Fedha wa Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa Alistair Darling, amefika ukingoni mwa kuziokoa benki kwa mara ya pili. Wengi wanakisoma kama shairi la kuwakejeli wenye mabenki, na siwezi kuwanyima haki hiyo, kwa kuwa Satoshi hakuficha kwamba hakuwa na imani na taasisi za fedha. Hata hivyo, mtu wa fani yangu anaona kwanza kazi ambayo maneno hayo yanafanya. Yanathibitisha kwamba bloku hiyo haikutengenezwa kabla ya siku ile, na kwa hiyo mwenye mfumo hakuwa na miezi ya siri ya kujichimbia sarafu, yaani kujipatia malipo ya kila bloku mpya, kabla ya kuwaalika wengine. Ni sawa na picha ya mtu aliyeshika gazeti la leo. Maneno hayo hayakufungwa kwa ufunguo wowote, kwani anayefungua data ya bloku hiyo anayasoma kwa herufi za kawaida. Tena rasimu ya programu aliyowapa watu wachache mwishoni mwa mwaka 2008 ilikuwa na bloku nyingine ya kwanza, yenye muhuri wa muda wa Septemba 2008, naye akaitupa alipokuwa tayari kuanza. Kwake bloku ya kwanza ilikuwa kipuri kinachobadilishwa, na sioni kwamba aliitendea kama jiwe la kaburi la mfalme.

Kuanzia hapo ndipo tafsiri zinapoanza kupaa. Bloku namba 0 ina muhuri wa tarehe 3 Januari na bloku namba 1 ina muhuri wa tarehe 9 Januari, ilhali kwa kawaida bloku hupishana kwa dakika kumi hivi. Siku hizo sita zimewafanya watu wakumbuke uumbaji wa dunia katika siku sita, na wengine wameongeza kwamba Satoshi alizitumia kusaka hashi ya kipekee. Hoja hii ya pili ina namba ndani yake, kwa hiyo inafaa kupimwa badala ya kuchekwa.

Hashi ni alama ya kidole ya data: unaingiza data ya bloku, unapata tarakimu 64 za heksadesimali (0 hadi 9, kisha a hadi f) ambazo huwezi kuzitabiri. Kuchimba ni kubadilisha namba moja ya majaribio ndani ya bloku, tena na tena, hadi hashi itakayotoka iwe ndogo kuliko kikomo kilichowekwa. Mwanzoni kikomo hicho kilidai sifuri nane za mbele. Hashi ya bloku namba 0 ina sifuri kumi, kisha 19d668 na kuendelea. Ukigawanya kikomo kwa hashi hiyo unapata takriban 2,536, maana yake ni kwamba, katika bloku 2,536 halali, ungetarajia moja tu yenye hashi ndogo kiasi hicho. Bloku moja halali ilihitaji kwa wastani majaribio bilioni 4.3, kwa hiyo kupata hii kwa kukusudia kungehitaji kwa wastani majaribio trilioni kumi na moja hivi. Tuseme kompyuta ya nyumbani ilifanya majaribio milioni moja kwa sekunde: kazi hiyo ingechukua siku 126. Ili iishe ndani ya siku sita, ingehitajika kasi ya milioni 21 kwa sekunde.

Je, hesabu hii inaua hoja ya siku sita? Haiui, maana mtu mwenye mashine kadhaa, au mwenye bahati kidogo, angeweza. Lakini haiithibitishi pia. Aliyeshinda bahati nasibu hakununua tiketi zote. Alinunua moja, akashinda. Nafasi ya moja kati ya elfu mbili na mia tano si muujiza, hasa ukizingatia kwamba tunaichunguza bloku hii kwa sababu ni ya kwanza, na kwamba tungeshangaa vilevile kama hashi yake ingeanza na tarehe, au na mfuatano wa tarakimu unaopendeza macho. Kuhusu siku sita zenyewe, ninaridhika na maelezo yasiyo na utamu: programu ilitolewa kwa umma tarehe 8 Januari kwa saa za Marekani, na mnyororo ukaanza kusogea saa chache baadaye, pale ambapo wengine nao waliweza kushiriki.

Kuna pia sarafu 50 za bloku hiyo, ambazo haziwezi kutumika hata na mwenye ufunguo wake, yaani namba ya siri ya kuzitumia. Sababu iko katika msimbo: muamala wa bloku namba 0 haukuingizwa katika kumbukumbu ambamo programu hutafuta sarafu zinazoweza kutumika. Watu wameigeuza hali hiyo kuwa sadaka, na mpaka leo wanatuma sarafu kwenye anwani ya sarafu hizo kama wanaotupa shilingi kisimani. Januari 2024 mtu mmoja alituma karibu bitcoin 27 kwa mkupuo. Hizo zilizotumwa baadaye, tofauti na zile 50, mwenye ufunguo angeweza kuzitumia.

Idadi ya milioni 21 nitaipita haraka, kwa sababu haina siri yoyote. Malipo yalianza na sarafu 50 kwa bloku, yanapunguzwa nusu kila baada ya bloku 210,000, ambazo kwa dakika kumi kila moja ni karibu miaka minne. Zidisha 210,000 kwa 50, kisha kwa 2, na jibu umelipata.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayonipa tabu kidogo. Mahali alipotakiwa kujaza wasifu, Satoshi aliandika tarehe 5 Aprili 1975. Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia saini agizo namba 6102, lililowakataza wananchi kulimbikiza dhahabu na kuwataka waikabidhi serikalini. Marufuku ya kumiliki dhahabu iliondolewa mwishoni kabisa mwa Desemba 1974, hivyo 1975 ni mwaka wa kwanza ambao Mmarekani wa kawaida aliweza tena kuwa na kipande cha dhahabu nyumbani bila kuvunja sheria. Siku inatoka kwenye kufungwa, mwaka unatoka kwenye kufunguliwa. Mtu akinishika shati ili nikiri angalau fumbo moja, nitakiri hili, nusu nusu. Nusu nyingine inanizuia kwa sababu historia ya fedha imejaa tarehe za namna hiyo. Angejaza tarehe 15 Agosti 1971, siku Rais Nixon alipokata uhusiano wa dola na dhahabu, au tarehe 23 Desemba 1913, siku ilipopitishwa sheria ya kuanzisha benki kuu ya Marekani, tungeona fumbo vilevile. Fumbo linalokubali majibu mengi hivyo humthibitishia mfumbuaji chochote anachokitaka.

Na wapo wanaotafuta ndani zaidi, katika hisabati yenyewe, ambako kweli kuna kitu cha ajabu. Funguo za Bitcoin zinategemea mkunjo uitwao secp256k1, na mkunjo huo una nukta moja ya kuanzia ambayo funguo zote huzidishwa nayo. Ukiitafuta nukta ambayo ikijumlishwa na yenyewe inazaa nukta hiyo ya kuanzia, unakuta namba yake ya kwanza ni fupi kuliko inavyotarajiwa: ina biti (tarakimu za 0 na 1) 166, wakati namba ya kawaida hapo hukaribia biti 256. Hilo halitokei kwa bahati. Kuna mtu aliyechagua namba fupi, akaipitisha kwenye hesabu, akapata nukta hiyo. Lakini mtu huyo hakuwa Satoshi. Mkunjo huo uliwekwa katika viwango vilivyochapishwa mwaka 2000 na kundi lililoongozwa na kampuni ya Certicom ya Kanada, miaka minane kabla ya waraka wa Bitcoin. Satoshi aliuchukua dukani kama ulivyo.

Mafumbo halisi yapo katika mnyororo, ila yametegwa na wengine. Linalojulikana zaidi ni la tarehe 15 Januari 2015, ambapo mtu asiyejulikana aligawa karibu bitcoin 33 katika anwani 256, ya kwanza ikiwa na ufunguo wa biti moja, ya pili biti mbili, na kuendelea hivyo, ili dunia ipime nguvu zake. Ufunguo wa biti 66 ulipatikana Septemba 2024, baada ya miaka karibu kumi ya watu wenye mashine kali. Mwaka huohuo kijana mmoja alinionyesha ujumbe wa kundi la simu alilojiunga nalo, lililokuwa likichangisha fedha za kununua programu ya kufungua hazina ya Satoshi, na alikuwa tayari ametoa mchango wa kwanza. Nilimwandikia hesabu nyuma ya bahasha. Sarafu za Satoshi za mwanzo zimeacha wazi ufunguo wao wa umma, ule unaokokotolewa kutokana na ufunguo wa siri, jambo linalorahisisha kazi, lakini hata kwa urahisi huo kazi inayobaki ni ya kiwango cha biti 128. Kila biti inaiongeza kazi maradufu, na kutoka 66 hadi 128 ni maradufu 62, yaani zaidi ya mara bilioni nne, kisha mara bilioni moja tena. Aliitazama bahasha, akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, hela yangu hairudi?"

Nisingeandika haya yote kama ningeamini kwamba Satoshi hakuacha alama yoyote. Aliacha moja kubwa, ila hakuikusudia. Mwaka 2013 mtafiti Sergio Demian Lerner wa Argentina aliangalia kihesabio cha pili kilichomo ndani ya kila bloku, ambacho katika programu ya awali kiliendelea kupanda bila kurudishwa sifuri kila bloku mpya ilipoanza kutafutwa. Alipokichora kwa mpangilio wa bloku, iliibuka mistari ya mashine moja inayoendelea kupanda huku wengine wakija na kuondoka. Mashine hiyo, tunayoiita Patoshi na ambayo wengi tunaamini ilikuwa ya Satoshi, ilichimba takriban bloku 22,000, zenye sarafu zipatazo milioni 1.1, ambazo karibu zote hazijaguswa. Kisha akaona jambo jingine: katika bloku hizo, baiti ya mwisho ya namba ya majaribio, yaani kinachobaki ukiigawa namba hiyo kwa 256, huwa kati ya 0 na 9, au kati ya 19 na 58. Thamani nyingine hazionekani kabisa. Mwenye mashine hiyo alikuwa na programu yake ya kuchimbia, iliyogawa kazi kwa namna tofauti na ile aliyowapa wengine.

Hili unaweza kulipima sasa hivi kwa simu. Nilimpa kalkuleta kijana yuleyule wa bahasha. Namba ya majaribio ya bloku 0 ni 2083236893; igawe kwa 256 na utazame kinachobaki. Kilibaki 29. Bloku 1 ina 2573394689, kikabaki 1. Bloku 2 ina 1639830024, kikabaki 8. Bloku 3 ina 1844305925, kikabaki 5. Alitaka kusherehekea, nikamrudisha chini: thamani zinazoruhusiwa ni 50 kati ya 256, hivyo bloku moja iliyochukuliwa kwa bahati huangukia humo karibu mara moja katika tano, na mabaki ya bloku moja hayathibitishi kitu. Maelfu yanayofuata mstari mmoja ndiyo yanayothibitisha.

Wiki iliyofuata alirudi na daftari. Alikuwa amepiga mistari kwa rula, bloku upande wa kushoto, mabaki upande wa kulia, kurasa kadhaa kwa mwandiko mdogo. Alikuwa amezungushia kalamu nyekundu mabaki yote yaliyotoka nje ya mipaka, akiamini kwamba humo ndimo Satoshi alimoficha ujumbe.

"Hizi nyekundu, mwalimu, anasema nini hapa?"

Nikamwambia kwamba hapo hasemi yeye. Hao ni watu wengine, wale wa kwanza waliopakua programu yake wakawasha kompyuta zao.

Akaupeleka ukurasa karibu na macho, akaanza kuwahesabu.